Refa na Jani la Sale

Jumapili, saa moja kasoro robo jioni, kitambaa cheupe cha kuonyeshea filamu kilikuwa kimeshatundikwa juu ya paa la jengo la mzee Natvarlal, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Kilikatwa kutoka kwenye jora jipya dukani kwake, na muhuri wa bluu wa kiwanda ulikuwa bado kwenye kona ya chini, kwa hiyo kila mchezaji atakayepita upande huo wa picha angeonekana amegongwa muhuri magotini. Natvarlal alikuwa ameombwa kipande kisicho na muhuri. Alijibu kwamba kipande kisicho na muhuri kina wateja.

Severa Massawe aliketi safu ya mbele, si kwa kupenda. Mumewe, Marcelino, muuza vifungo, zipu na nyuzi za cherehani, alikuwa amefika mapema akiwa amevaa suti aliyofungia ndoa. Ilikuwa imembana mabegani. Alikuwa ameialika jumuiya yao nzima ya kanisani, pamoja na katekista, na wote aliwaambia kwamba wanakuja kutazama filamu ya mafunzo kuhusu nidhamu michezoni.

Ndivyo alivyoelewa mwenyewe. Mtengenezaji wa filamu, Jeet, kitinda mimba wa Natvarlal, alimpa Marcelino nafasi ya kocha na kumpa agizo moja tu: "Mzee, wewe usiigize. Kuwa vilevile ulivyo dukani." Marcelino alilichukua agizo hilo kama sifa.

Filamu iliitwa *Vifungo FC*. Ilihusu timu ya wafanyabiashara wa mtaa mmoja wanaofungwa kila mechi, na bado wanajiandikisha kwenye bonanza la kugombea mbuzi dhidi ya wapakuaji wa bandarini. Taa zilizimwa. Kocha alionekana amejiinamia kaunta, akiwapangia wachezaji mfumo kwa kutumia vifungo. Kifungo cha koti ni beki wa kati. Vifungo vya shati ni viungo. Katikati ya maelezo akaingia mteja anatafuta vifungo vyeusi vya mashimo manne, na kocha, bila kusita, akamuuzia beki wa kushoto na kiungo mmoja, akarudisha chenji, kisha akaendelea kuipanga timu iliyobaki.

Paa zima lilicheka. Marcelino aligeuka kutazama nyuma.

"Kuna nini?" alimnong'oneza mkewe.

"Angalia mbele, Baba Joyce."

"Wanacheka nini? Yule mteja alikuwa mteja wa kweli."

"Ndiyo maana."

Severa aliliona sikio la mumewe likianza kubadilika rangi. Binti yao Joyceline, upande wa pili, alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga. Nyuma yao Twaha, msukuma mkokoteni aliyecheza namba tisa, alikuwa anapiga mapaja na kuita, "Mangi! Mangi umeuza beki!"

Kicheko kilikuwa kinapanda na kushuka hadi ilipofika mechi ya mwisho. Kipa wa Vifungo, baada ya kufungwa mara tatu, aliukalia mpira akakataa kuinuka. Refa akatia mkono mfukoni kutafuta kadi. Hapo kocha akaingia uwanjani mbio, mkononi ameshika jani refu la kijani lililofungwa fundo.

Severa alilijua jani lile. Lilitoka kwenye mche uliokuwa mlangoni pa duka lao, ndani ya kopo la rangi. Wapita njia walidhani ni ua la kupendezesha. Kwa Wachaga sale si ua. Ni mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, ni alama ya kaburi, na jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea, ni ombi la msamaha ambalo halikataliwi. Mche ule Severa aliupakata mwenyewe kutoka Kibosho hadi Dar es Salaam kwa sababu moja tu, na mumewe aliijua sababu hiyo, na kwa miaka miwili alikuwa anaumwagilia maji bila kuukata hata jani.

Kwenye kitambaa, kocha alipiga goti mbele ya refa, akamnyooshea jani kwa mikono miwili, akasema maneno kwa Kichaga. Watu walishaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Severa alidaka neno "kaka", kisha kicheko kikafunika mengine yote. Refa akalipokea jani, akalichomeka kwenye mfuko wa shati kwa heshima, kisha akatoa kadi nyekundu.

Watu wa safu za nyuma walikuwa wanalia kwa kucheka. Katekista, ambaye ni Mchaga wa Rombo, hakucheka. Severa pia hakucheka. Sale lilikuwa limetolewa, limepokelewa, na limekataliwa, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza tangu alipoanza kusikia habari za sale.

"Ulimpa nani lile jani?" aliuliza taratibu.

"Si umeona? Refa."

"Miaka miwili linamngoja kaka yako, wewe unampa refa."

Marcelino alitazama mbele.

*

Vifungo FC walifungwa mechi ile mabao manne kwa moja, na filamu iliishia wakiwa wamembeba mfungaji wa lile bao moja, wanazunguka uwanja wanaimba. Hapo ndipo ubishi ulipoanzia, na Jumatatu asubuhi ulikuwa umehamia kwenye benchi la Kuruthumu, anayeuza chai na chapati kwenye kona ya duka la Massawe.

"Mimi sijaelewa," alisema fundi cherehani mmoja. "Wamefungwa nne. Wanashangilia nini?"

"Wanashangilia bao lao," alisema Twaha.

"Mbuzi amekwenda bandarini!"

"Mbuzi analiwa siku moja. Bao linabaki."

"Usiniambie mimi. Picha ya mpira lazima mnyonge ashinde mwishoni. Nimetoka nyumbani, nimekaa juu ya ndoo saa nzima na nusu, nione mnyonge anafungwa? Si ningekaa nitazame timu yangu?"

Benchi lilicheka. Kuruthumu alisema yeye alilia, tena pale kocha alipopiga goti. Hakujua anasema nini, lakini mtu mzima akipiga goti na suruali ya kitambaa, hana mzaha. Vijana wawili kutoka bandarini, waliokuja kuchukua mzigo, walisema wamedhalilishwa: hakuna mpakuaji anayecheza rafu vile, na yule mnene aliyeigiza kapteni wao ni muuza mapazia. Natvarlal, aliyepita na gazeti kwapani, aliulizwa maoni yake kuhusu kazi ya mwanawe. Alifikiri kwa haki.

"Haina wimbo hata mmoja," alisema. "Mke wangu Lalita amelala katikati. Lakini kitambaa kimerudi kizima."

Marcelino aliyasikia yote akiwa ndani ya duka. Tangu afungue, wateja watatu walikuwa wamemwomba beki wa kushoto. Wa nne alikuwa mama wa makamo, mtu wa heshima zake, aliyetaka zipu za magauni ya kipaimara. Alipokwisha kulipa alisema, "Asante, kocha." Marcelino akamwambia Severa ashike kaunta, akaingia stoo, na humo akakaa.

Saa nne Joyceline alikuja na simu mkononi. Alikuwa na uso wa mtu aliyetumwa habari na anatamani angetumwa maji.

"Mama, kipande cha sale kimefika kwenye kundi la ukoo."

"Nani kakituma?"

"Sijui. Mtu kakikata, kaweka muziki na sauti ya watu wanacheka. Maneno ya Baba hayasikiki kabisa. Wazee wamechachamaa. Mmoja kaandika, 'Sale limegeuzwa njuga.' Mwingine anauliza kama Marcelino amebatizwa upya."

"Baba yako mkubwa kasema nini?"

"Hajasema. Ameona. Yuko hewani tangu saa moja asubuhi."

Severa aliiweka chini pakiti ya sindano. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo wakwe wa Joyceline, upande wa kijana aitwaye Jovin, walikuwa wanatoka Bukoba kuleta mahari. Kwa desturi ya ukoo wa Massawe baba hapokei mahari ya binti yake mwenyewe. Kaka mkubwa wa baba ndiye hufungua mdomo, na asipofungua, wageni hunywa walichopewa, hushukuru, na huondoka na walichokuja nacho. Mkubwa huyo alikuwa Steven, mwenye duka la bolti na nati Gerezani, mwendo wa kutembea kutoka hapo. Hakuwa amesema na mdogo wake tangu Krismasi ya mwaka juzi, pale Kibosho, Marcelino alipogawa nyama ya mbuzi, na kidari, ambacho kwa desturi ni cha mkubwa, akampelekea mgeni wake wa mjini, meneja wa benki. Steven alipewa mbavu. Alizitazama, akaweka sahani juu ya ukuta, akaenda zake.

"Mama," alisema Joyceline, "Jovin ananiuliza kama Jumamosi ipo."

"Mwambie Jumamosi huwa ipo kila wiki," alisema Severa, akajifunga kitenge upya. "Baba Joyce! Toka stoo, kuna wateja."

"Wanataka nini?" sauti ilijibu kutoka ndani.

"Vifungo."

"Vya kweli?"

*

Jeet alikuwa kwenye chumba cha nyuma ya duka la baba yake, kati ya majora, na kompyuta yake juu ya meza ya kupimia vitambaa. Alipomwona Severa alisimama.

"Shikamoo, Mama Joyce. Mzee amekasirika?"

"Marahaba. Mzee yuko stoo. Nionyeshe pale anapompa refa jani. Pasipo kicheko."

Lalita aliingia na chai ya maziwa yenye tangawizi, akakaa juu ya jora bila kualikwa, kwa kuwa chumba kilikuwa chake. Alisema yeye hakulala, alifumba macho tu, mechi ndefu.

"Pale nilimwambia Mzee aombe kwa lugha ya kwao," Jeet alieleza huku anatafuta. "Kwenye maandishi yangu ilikuwa 'Refa, tusamehe, kipa wetu ana mke mjamzito.' Akaniambia, 'Kuomba msamaha hakufanywi hivyo.' Akaenda dukani, akakata jani mwenyewe. Tulipiga mara moja tu. Alikataa kurudia. Nikaona inachekesha, nikaiacha bila tafsiri. Alisema nini kwani?"

Severa alisogea karibu na kompyuta. Kwenye kioo Marcelino alipiga goti. Uwanja ulikuwa kimya, upepo tu uligonga kwenye maiki. Alisema, kwa Kichaga cha nyumbani, bila haraka: "Kaka, nimekukosea. Kidari kilikuwa chako. Nilikikata najua ni chako. Nilitaka mgeni anione mkubwa. Nimekuletea sale, lipokee."

Kisha kadi nyekundu.

"Rudisha," alisema Severa.

Jeet alirudisha. Lalita, ambaye hakujua Kichaga hata neno la salamu, aliacha kunywa chai.

"Huyu haigizi," Lalita alisema.

"Wewe ulimkataza asiigize," Severa alimwambia Jeet. "Ni mtu mtiifu. Niwekee kipande hiki kwenye simu, kizima, hivi hivi kilivyo."

Jioni, baada ya kufunga mahesabu, alimchezea mumewe. Marcelino alisikiliza akiwa amesimama, akapangusa kaunta ambayo ilikuwa imeshapanguswa.

"Nilikuwa naigiza," alisema.

"Ulimwigizia nani? Refa ni Mndengereko. Unamwambia habari za kidari kwa Kichaga ili ajue nini?"

"Yale ni maneno tu. Yalikuja."

"Basi yamwendee kaka yako."

"Siwezi kumtumia mtu mzima simu. Sale halitumwi kwa simu. Na sasa limeshachezewa, nikikata jingine atasema namletea sehemu ya pili ya picha."

Severa alijua kwamba hilo ni kweli, na linahitaji jibu.

*

Jibu alilipata Jumatano, kwenye barabara ya Gerezani, baada ya kulisubiri basi la mwendokasi lipite. Bakili, refa wa mabonanza yote ya mtaani, aliyejiigiza mwenyewe kwenye filamu, kwa siku za kazi huuza springi na shokapu za magari. Kibanda chake kilikuwa milango mitatu kutoka kwa Steven. Juu ya kaunta kulikuwa na msumari, kwenye msumari filimbi, na nyuma ya filimbi jani la sale, limekauka na kuwa na rangi ya chai, fundo bado limekaza.

"Umelitunza," alisema Severa.

"Mama Joyce, mimi nimechezesha mpira miaka mingi. Nimerushiwa chupa, nimerushiwa viatu, vya pea moja na vya pea tofauti. Hii ndiyo mara ya kwanza mtu kunipa kitu kwa mikono miwili. Nilitupe?"

"Na bado ukampa kadi nyekundu."

"Iliandikwa na Jeet! Mimi moyoni nilishamsamehe mumeo palepale. Ile kadi nimeshaifuta."

"Mzee Steven mnafahamiana?"

"Jirani. Tulikuwa tunakunywa kahawa pamoja kila siku. Tangu Jumatatu napita namsalimia, ananitazama kama nimekataa penalti halali."

Severa aliinua shingo, akamwona shemeji yake kwa mbali ameinama juu ya mizani. Hakwenda kumsalimia. Badala yake alimwomba Bakili afunge kibanda kidogo, wakatembea pamoja hadi Narung'ombe, jani likiwa ndani ya mfuko wa khaki.

Marcelino alikuwa anashonea vifungo vya sampuli kwenye kadi. Severa aliliweka jani mbele yake. Twaha, aliyekuwa anapakua mzigo mlangoni, aliacha kupakua.

"Baba Joyce, kuna mambo mawili, na yote yanapita mdomoni mwako. Ukisema ulikuwa unaigiza, basi umelichezea sale mbele ya Kariakoo nzima, na kaka yako Jumamosi ana haki ya kubaki na bolti zake. Ukisema ulimaanisha, basi jani hili halikupewa refa. Lilipitia kwake."

"Mjumbe wa sale ni mtu wa ukoo," alisema Marcelino.

"Mjumbe wa sale ni mtu asiye na upande," alisema Severa, ambaye hakuwa na hakika, lakini alisema kama mwenye hakika. "Nitajie mtu asiye na upande kuliko refa."

"Limekauka."

"Mwaka juzi lingefika bichi."

Twaha alikohoa. Bakili alikuwa anasoma bei za zipu ukutani kwa makini makubwa, kama mtu anayetaka kununua zote. Marcelino alilichukua jani. Fundo lilikuwa lake. Alilifunga kwa mkono wake siku ile, na Severa aliona anavyolitambua. Ikiwa angesema ndiyo, angekuwa amekiri mbele ya muuza springi, msukuma mkokoteni na mke wake kwamba alikikata kidari akijua. Wateja wawili waliingia, wakajipanga kando kama walioingia msibani.

"Bakili," alisema hatimaye.

"Naam, mzee."

"Nilikutuma. Umechelewa."

"Nisamehe sana," alisema Bakili. "Nilidhani ni posho."

Twaha aliangua kicheko, na Marcelino mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, alitikisika mabega. Kisha akalifuta jani vumbi kwa kitambaa cha kufutia vifungo vya fedha, akamrudishia refa kwa mikono miwili. Severa aliingiza kipande cha filamu kwenye simu ya Bakili, kile kisicho na muziki.

Bakili alirudi kabla ya adhuhuri. Alikataa kukaa.

"Amesemaje?" aliuliza Severa.

"Alitazama picha. Akasema rudisha. Nikarudisha. Kisha akaniuliza bei ya springi za Fuso."

"Na sale?"

"Nililiweka juu ya mizani yake, nikasema limetoka kwa mdogo wako, mimi ni mjumbe tu, nimechelewa. Nilipotoka lilikuwa bado juu ya mizani. Sikumwona akiligusa, mama. Siwezi kusema ambacho sijakiona. Mimi refa."

*

Jumamosi, saa nne asubuhi, wakwe waliingia nyumbani kwa akina Massawe, ghorofa ya pili, Mtaa wa Sikukuu. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa na Twaha, ambaye ni Mwislamu, kama wanavyofanya wengi mjini ili kila mgeni ale bila kuuliza, na harufu ya mchuzi ilikuwa imejaa kwenye ngazi. Mshenga wao, mzee Ansbert, alikuja na fimbo, koti, na shangazi watatu wa Jovin. Walikaribishwa kwenye makochi. Kiti cha mbao chenye mikono, kilichowekwa katikati ya ukuta, kilibaki kitupu.

Ansbert alimtazama Marcelino kwa muda.

"Samahani, bwana. Wewe si yule kocha?"

Shangazi mmoja alifunika uso kwa mtandio. Mabega yake yalikuwa yanatingishika.

"Ndiye," alisema Marcelino.

"Tumeiona Bukoba. Kile kipande cha refa. Mjukuu wangu amekiangalia mpaka bando limeisha." Kisha, kwa kuwa ni mtu wa adabu, aliongeza: "Mimi niliona kadi ile si ya haki."

Chai ilimiminwa kwenye vikombe. Marcelino aliongea kuhusu mvua za Kibosho, kisha foleni ya Ubungo, kisha mvua tena. Joyceline, chumbani na shangazi zake, alifungua mlango kwa upana wa kidole na kuufunga. Severa alipita na sahani ya karanga ambayo hakuna aliyeiomba. Ansbert alikitazama kile kiti kitupu, akatazama saa yake bila kujificha, akaegemeza fimbo kwenye goti.

"Bwana Massawe. Wenyeji mmekamilika?"

Marcelino alisimama. Severa alijua kwamba hajui atakalosema, kwa sababu alikuwa ameanza kufunga kifungo cha koti ambacho kilikuwa kimefungwa.

Mlango uligongwa mara moja, ukafunguliwa. Bakili aliingia kwanza, akasogea pembeni kama anavyofanya timu zinapoingia uwanjani. Nyuma yake aliingia Steven, ana koti la kijivu, na kwenye mfuko wa juu, mahali pa leso, lilikuwepo jani lililokauka, fundo likionekana.

Marcelino aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alisema Steven. Alimpita, akawapa wageni mkono mmoja baada ya mwingine, akaenda kwenye kiti cha mbao, akakijaribu kwa kiganja, akaketi. "Ile picha yenu nimeitazama mara tatu. Haichekeshi."

"Mara tatu, shemeji?" aliuliza Severa.

"Nilikuwa natafuta inapochekesha." Alipanga koti lake. "Na yule kipa alistahili kadi. Mtu hakalii mpira. Haya, wageni wetu, karibuni sana. Mmetembea mbali. Mmefuata nini kwetu?"

Ansbert alishika fimbo yake, akasimama, akaanza kueleza habari ya ua zuri lililoonekana kwenye bustani ya watu, kwa urefu ambao siku nyingine ungemchosha Severa. Chumbani mlango ulifunguka kwa upana wa mkono mzima.

Chakula kilipoletwa, mahari ilikuwa imeshapokelewa. Marcelino alikata nyama mwenyewe. Alikitenga kidari kwenye sahani peke yake, akavuka chumba, akapiga goti na suruali yake ya suti mbele ya kiti cha mbao, akainyoosha sahani kwa mikono miwili. Shangazi wa mtandio hakucheka.

Steven aliipokea kwa mikono miwili. Aliomba kisu, akakata kipande, akamwita Bakili aliyekuwa amekaa karibu na mlango.

"Refa, njoo ule."

Bakili alinawa, akala.